Kwenye Kioo cha Tramu

Jina la mji wetu, Łódź, maana yake ni mashua,
lakini mto huuoni: waliuzika chini ya lami
zama za viwanda vya pamba,
nao unapita gizani kama deni la familia,
kila mtu analijua, hakuna analitaja.

Barua ya chuo kikuu ilipofika
baba alifuta mikono, akaisoma mara mbili.
"Anthropolojia," akasema,
kama mtu aliyekuta mwiba kwenye minofu.
"Kusoma watu?
Mimi nawasoma tangu saa kumi alfajiri
kwenye kioo cha tramu, mwaka wa ishirini na sita huu,
na hakuna aliyenipa shahada."
Mama akasogeza bakuli la matango ya chumvi.
Shangazi Bogumiła akauliza lile swali
linaloketi mezani kabla ya mwanafunzi wa fani yetu kuketi:
"Na kazi je?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na nauli.

Mwaka wa kwanza tulichora ukoo kwa pembetatu na duara,
tukasoma zawadi zisizo za bure, miiko ya vyakula,
visiwa ambavyo sitavifikia.
Nililia chooni mara moja, si kwa sababu ya alama.
Kisha Profesa Wrońska akatugawia madaftari membamba:
"Kaeni mahali pamoja saa tatu. Msiulize kitu.
Mkidhani mmeona, kaeni tena."

Wenzangu walikwenda sokoni, kanisani, uwanja wa mpira.
Mimi, kwa uvivu tu, nilipanda tramu ya baba.

Saa ya kwanza niliandika: watu wanapanda, watu wanashuka.
Saa ya pili: wajane hawakai upande wa jua.
Saa ya tatu niliuona mkono wake.
Kituo cha Nyuzi. Kiwanda siku hizi ni maduka ya viatu.
Abiria wote wameshapanda, na mkono wa baba
haufungi mlango.
Moja. Mbili. Tatu. Nne.
Ndipo unafunga.

Jioni nikavunja sharti la profesa, nikamuuliza.
"Ni Cezary, fundi wa vitanda vya kufumia.
Mguu wake mmoja mbovu. Huchelewa sekunde nne."
"Yuko wapi?"
"Alikufa mwaka uliozaliwa mdogo wako,"
akasema, akaendelea kumenya kiazi.

Penye mila pana mtu anayemngoja mtu:
niliandika hivyo, nikakata. Ilikuwa tamu mno.

Leo Ksawery analipwa na kampuni ya mashine za kufulia
asimame bafuni mwa watu asiowajua
na kuuliza kwa nini soksi za mtoto zafuliwa kwa mkono.
Mirela yuko msituni mashariki na brashi na chekecheke,
anairudishia mifupa majina;
ukila naye, usimuulize habari za kazi.
Bożydar anauza maua. Anasema ni kazi ileile,
ila hii inanukia.

Mimi nina kiti ofisi ya usafiri wa mji, kona ya printa.
Wahandisi walitaka kung'oa benchi la kituo cha hospitali:
hesabu zao zilisema halikaliwi.
Nilisimama karibu nalo siku sita.
Kweli, halikaliwi. Huwekewa mifuko,
mikono ibaki huru kumpokea
anayetoka mle ndani hajiwezi.
Nikaandika kurasa mbili. Benchi lipo.
Mshahara wangu si wa kumtangazia shangazi.

Baba amestaafu. Hukata tiketi sasa, hukaa nyuma.
Jana usiku alipiga simu, hakusalimu:
"Andika. Dereva mpya, Kituo cha Nyuzi, hangoji."
Nikasikia birika likianza kuimba kwake.
"Mlango ulipofungwa, wazee watatu waligeuka kuutazama.
Watatu. Kama mimi."
"Kama wewe vipi, baba?"
"Uliza vizuri," akasema.
"Si wewe ndiye uliyesomea?"